Kubwa Limeshapita? Mhadhara juu ya kupima chimbuko la tetemeko na mkazo unaohama



Tarehe 17 Julai 2007 ardhi ilitikisika karibu na mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Mtikisiko ulifika hadi Nairobi, watu wakashuka mbio kutoka kwenye maghorofa. Ukubwa wa tetemeko hilo ulikuwa 5.9. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, zamu ikawa ya Ziwa Kivu. Nyumba na makanisa yaliporomoka upande wa Bukavu na upande wa Rwanda, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Ukubwa: 5.9. Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa Kagera. Bukoba ilipata pigo ambalo haijalisahau. Watu zaidi ya 15 walifariki na maelfu ya familia zikabaki na nyumba zisizokalika. Ukubwa, kwa mara nyingine, 5.9.

Tarakimu ni ile ile, lakini mimi ninayezisoma kumbukumbu za vyombo nakuambieni kwamba hayo ni matukio matatu yasiyofanana hata kidogo. La Gelai halikuwa tukio moja, bali kilele cha msururu wa matetemeko uliokaribia miezi miwili, na chini yake magma ilikuwa ikitembea. La Kivu lilikuwa la kina kifupi, karibu na miji yenye watu wengi. La Kagera lilikadiriwa kuanzia kilomita 40 chini ya ardhi, kina kikubwa kwa bara, na ndiyo maana lilisikika mbali, hadi Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya.

Baada ya tetemeko lolote, watu hulala nje, na usiku huo swali huwa moja: kubwa limeshapita, au bado? Tarakimu ya ukubwa haiwezi kujibu swali hilo. Ili kulikaribia jibu tunahitaji kujua mambo mawili. La kwanza ni kilichotokea kwenye chimbuko lenyewe: ufa ulipasuka eneo gani, pande zake ziliteleza kiasi gani, na mkazo ulishuka kwa kiwango gani. La pili ni kwamba mkazo ulioshuka pale umeongeza mzigo wapi. Hoja yangu jioni ya leo ni kwamba tetemeko haliifutii ardhi mzigo wake. Huutua mahali pamoja na kuubebesha mahali pengine, na sayansi ya kupima mzigo huo imekwisha kukomaa kiasi cha kutusaidia kupanga, ingawa haijui siku wala saa.

Kilichopatikana chini ya sindano

Asubuhi ya tarehe 18 Aprili 1906 mji wa San Francisco ulipigwa na tetemeko, kisha ukateketea kwa moto. Kwa bahati njema, wapimaji ardhi walikuwa wameshapima maeneo yale miongo kadhaa kabla, wakapima tena baada ya maafa. Harry Fielding Reid alilinganisha vipimo hivyo, na mwaka 1910 akatoa maelezo ambayo hadi leo ndiyo msingi wetu. Pande mbili za ufa wa San Andreas zilikuwa zikisukumwa kwa miaka mingi kuelekea pande tofauti, lakini kwenye ufa wenyewe zilishikana kwa msuguano. Miamba ikawa inapinda kidogo kidogo. Siku msuguano uliposhindwa, pande zote mbili ziliruka kuelekea mahali zilipopaswa kuwa, na nyua zilizovuka ufa zikakatika na kuachana, mahali pengine kufikia mita 6. Kwa maneno mengine, tetemeko ni malipo ya mara moja ya deni la miaka mingi.

Mwaka 1935 Charles Richter, huko California, alibuni kipimo ambacho jina lake limebaki midomoni mwa watangazaji wa redio. Kipimo hicho kilisoma ukubwa wa mchezo wa sindano kwenye chombo cha aina moja, kikirekebisha umbali. Kilikuwa kizuri kwa kazi yake, lakini kilikuwa na ukomo: matetemeko makubwa sana yalionekana kulingana wakati hayakulingana. Sababu ni kwamba kilipima mtikisiko uliofika kwenye chombo, wala hakikupima tukio lililouzaa.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1966, pale Keiiti Aki alipochambua tetemeko la Niigata, Japani, la mwaka 1964. Aki alionyesha kwamba mawimbi marefu yanayoizunguka dunia yanabeba habari ya zao la vitu vitatu: ugumu wa mwamba, eneo la ufa lililopasuka, na wastani wa umbali ulioteleza. Zao hilo tunaliita momenti ya tetemeko. Mwaka 1979 Thomas Hanks na Hiroo Kanamori waliifunga momenti hiyo kwenye tarakimu zinazofanana na zile za Richter, ili umma usichanganyikiwe. Kwa hiyo 5.9 tunayoisikia leo kwenye habari si ya Richter tena, ingawa tunaendelea kumtaja. Kila hatua moja kamili juu, kwa mfano kutoka 5.9 hadi 6.9, ni nishati kama mara 32 zaidi.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Tetemeko la 5.9 lina momenti kama 8 yenye sifuri 17 nyuma yake, kwa vipimo vya nyutoni na mita. Ukigawa kwa ugumu wa kawaida wa miamba, unabaki na zao la eneo na umbali wa kuteleza: kama mita za ujazo milioni 27. Ikiwa ufa ulipasuka kwenye duara lenye nusu-kipenyo cha kilomita 4, basi pande zake ziliteleza wastani wa nusu mita. Ikiwa duara lilikuwa la kilomita 2 tu, ziliteleza zaidi ya mita 2. Katika hali zote mbili redio itatangaza 5.9. Lakini kwa mwamba, na kwa nyumba iliyo juu yake, hayo si mambo yanayolingana.

Mkazo ulioshuka

Hapa ndipo kinapoingia kipimo ambacho umma hausikii, lakini sisi tunakigombania kila mwaka: mshuko wa mkazo. Ni tofauti kati ya mkazo uliokuwa kwenye ufa kabla ya kuteleza na uliobaki baadaye. Tunaupima kwa megapaskali. Ili tuwe na picha moja akilini, tairi ya gari dogo hujazwa upepo wa shinikizo la kama 0.2 megapaskali. Matetemeko mengi hushusha mkazo wa kati ya megapaskali 1 na 10, yaani tairi 5 hadi 50. Katika mfano wetu, duara la kilomita 4 linatoa mshuko wa megapaskali kama 5.5. Duara la kilomita 2 linatoa kama 44. Nusu-kipenyo kimepungua kwa nusu, na mkazo umepanda mara nane.

Mara nane hiyo ndiyo ugonjwa wetu. Hakuna mtu anayeshuka kilomita 10 chini kwenda kuupima ukubwa wa duara. Tunaukisia kutokana na mawimbi. Ufa mdogo hupasuka haraka na kutoa mitetemo mingi ya kasi. Ufa mpana huchukua muda zaidi na mitetemo yake ni ya taratibu. Mwaka 1970 James Brune alitoa kanuni ya kusoma jambo hili: tunachora nguvu ya wimbi kwa kila frikwensi, tunatafuta mahali mchoro unapoanza kuporomoka, na frikwensi ya pembe hiyo inatuambia ukubwa wa duara. Ukiikosea pembe hiyo mara mbili, mkazo unaukosea mara nane.

Na pembe ni rahisi kukosewa. Miamba iliyo kati ya chimbuko na chombo humeza mitetemo ya kasi kabla haijafika. Chombo kilichoko mbali hupokea wimbi lililokwisha kupoteza ncha zake, na mchambuzi asiyekuwa mwangalifu husema tetemeko lilikuwa la taratibu, kumbe ni njia ndiyo iliyolichosha wimbi. Mbinu nzuri ya kuepuka mtego huu ni kutafuta tetemeko dogo lililotokea mahali pale pale, likapita njia ile ile hadi kwenye chombo kile kile. Ukigawanya mchoro wa kubwa kwa mchoro wa dogo, athari za njia hufutana, na kinachobaki ni tofauti ya machimbuko. Lakini mbinu hiyo inataka vyombo vilivyokuwapo kabla na baada, karibu na ufa, vikirekodi hata matetemeko ambayo hakuna binadamu aliyeyahisi.

Hata penye vyombo vingi, ubishi haukwishi. Mwezi Julai 2019 matetemeko ya 6.4 na 7.1 yalipiga Ridgecrest, California, katikati ya mtandao mnene wa sismomita, yaani vyombo vya kurekodi mitetemo. Watafiti wa vikundi mbalimbali wamepewa data ile ile wachambue mshuko wa mkazo kila mmoja kwa mbinu yake, kisha walinganishe. Majibu kwa tetemeko moja yametofautiana sana. Siwaambii haya ili muwatukane wanasayansi. Nawaambia ili mjue kwamba ukisoma tarakimu ya mkazo bila kiwango cha shaka kando yake, umesoma nusu ya habari.

Kwa nini tuhangaike hivyo? Kwa sababu mshuko mkubwa wa mkazo huzaa mitetemo mingi ya kasi, na nyumba fupi za matofali, zile tunazojenga Bukoba, Mbeya na Kisumu, ndizo zinazoitika mitetemo ya kasi. Ghorofa refu huogopa mitetemo ya taratibu. Mhandisi anayeandika kanuni za ujenzi bila kujua nyufa za nchi yake hushusha mkazo kwa namna gani, anakopa tabia ya nyufa za watu wengine.

Mzigo unapohamia

Tuje sasa kwenye swali la mzigo umekwenda wapi. Kanuni tunayoitumia inabeba jina la mhandisi Mfaransa wa karne ya 18, Charles-Augustin de Coulomb. Ufa huteleza pale nguvu inayousukuma kando inapozidi msuguano, na msuguano hutegemea jinsi pande mbili zinavyobanana. Kwa hiyo ufa unaweza kusogezwa karibu na kuvunjika kwa kuusukuma zaidi, au kwa kuulegeza ubanaji wake, au kwa maji na gesi kuingia na kuzisukuma pande zake kutoka ndani. Tetemeko moja linapotokea, miamba ya jirani hupinda upya. Kompyuta ikijua ufa uliteleza wapi na kiasi gani, inaweza kuchora ramani: hapa mkazo umepanda, pale umeshuka.

Ramani hizo zilipata umaarufu baada ya tetemeko la Landers, California, tarehe 28 Juni 1992, lenye ukubwa wa 7.3. Saa tatu baadaye, upande wa magharibi, kwenye ufa mwingine kabisa, Big Bear nayo ikapigwa na tetemeko la zaidi ya 6. Geoffrey King, Ross Stein na Jian Lin walichapisha hesabu zao mwaka 1994: Big Bear iliangukia kwenye eneo ambalo Landers ililiongezea mkazo, na matetemeko madogo mengi yaliyofuata yalirundikana kwenye maeneo ya aina hiyo hiyo. Kilichoshangaza ni udogo wa nyongeza. Sehemu ya kumi ya megapaskali, nusu ya upepo wa tairi, ilitosha; mahali pengine hata sehemu ya mia moja ilionekana kuacha alama. Mwamba ulio kilomita 10 chini unabeba uzito wa kama megapaskali 270. Nyongeza ndogo kiasi hicho haiwezi kuuvunja ufa mtulivu. Inaweza tu kuuharakisha ule uliokwisha kukaribia.

Mfano mzito zaidi uko Uturuki. Ufa wa Kaskazini wa Anatolia unaikata nchi hiyo kutoka mashariki hadi magharibi. Mwezi Desemba 1939 mji wa Erzincan ulivunjwa na tetemeko la 7.8 lililoua watu zaidi ya 30,000. Kisha, mwaka 1942, 1943, 1944, na tena 1957 na 1967, vipande vya ufa huo vilipasuka kimoja baada ya kingine, kwa sehemu kubwa vikielekea magharibi. Mwaka 1997 Ross Stein, Aykut Barka na James Dieterich walikokotoa mkazo wa msururu mzima. Katika matetemeko kumi makubwa, tisa yalitokea mahali ambapo yaliyotangulia yalikuwa yameongeza mkazo. Wakaandika pia kwamba eneo la karibu na İzmit lilikuwa na uwezekano wa asilimia 12 wa kupata tetemeko kubwa kati ya 1996 na 2026.

Tarehe 17 Agosti 1999 İzmit ilipigwa, na watu zaidi ya 17,000 wakafariki kwa hesabu rasmi. Siku 87 baadaye, tarehe 12 Novemba, Düzce, iliyoko mwisho wa mashariki wa mpasuko ule, ikapigwa na tetemeko la zaidi ya 7. Mwisho wa magharibi wa mpasuko huo unaingia chini ya Bahari ya Marmara, mbele ya Istanbul. Mwaka 2000 Tom Parsons na wenzake walikadiria uwezekano wa asilimia 62, na shaka ya 15 juu au chini, wa tetemeko kubwa karibu na jiji hilo katika miaka 30. Makadirio ya baadaye yaliushusha. Tarehe 23 Aprili 2025 tetemeko la 6.2 lilitokea chini ya Marmara. Hilo ni dogo sana kuliko lile linalohofiwa, na halijalipa deni la ufa.

Angalieni vizuri aina ya maarifa yaliyomo humo. Asilimia 12 si utabiri. Ukimwambia mtu asilimia 12, atalala usingizi. Lakini ilikuwa juu kuliko maeneo mengine mengi ya ufa ule, na hiyo ilitosha kusema wapi kuta ziimarishwe kwanza. Waliokufa İzmit wengi wao waliuawa na majengo yaliyojengwa vibaya. Mkazo ulipimwa, zege halikupimwa.

Bonde letu la Ufa

Afrika Mashariki ina jambo ambalo Uturuki haina kwa kiwango hicho: nyufa zetu zinaishi pamoja na magma. Bamba la Nubia na bamba la Somalia yanaachana kwa milimita chache kwa mwaka, na katikati yake ardhi inanyooka. Kunyooka huko kunaweza kulipwa kwa tetemeko, kwa magma kujipenyeza, au kwa ufa kuteleza polepole bila kishindo. Gelai ilitufundisha kwamba vyote vitatu vinaweza kutokea ndani ya wiki chache.

Matetemeko yalianza katikati ya Julai 2007. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Envisat ilikuwa ikipita juu na rada yake. Ukilinganisha picha mbili za rada za mahali pamoja zilizopigwa siku tofauti, unapata mistari ya rangi, na kila mzunguko mmoja wa rangi ni ardhi kusogea sentimita 2.8 kuelekea au kutoka kwenye setilaiti. Mbinu hiyo hiyo ndiyo iliyopata sifa kwa mara ya kwanza huko Landers. Eric Calais na wenzake walichapisha mwaka 2008 kile rada ilichokiona Gelai: ufa ulioteleza polepole, kisha ukuta wa magma wenye urefu wa kilomita kama 7 na unene wa kama mita 2 uliosimama wima chini ya ardhi bila kufika juu. Sehemu kubwa ya msogeo huo ilifanyika kimya. Momenti ya matetemeko yote, pamoja na lile la 5.9, ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na momenti ya ardhi iliyosogea. Aliyesikiliza kwa sismomita peke yake alikosa sehemu kubwa ya hadithi.

Halafu, tarehe 4 Septemba 2007, Oldoinyo Lengai, mlima ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, ulianza kulipuka kwa nguvu na kurusha majivu juu. Mlima huo uko kusini magharibi mwa Gelai. Hesabu za mkazo zinaruhusu maelezo haya: ukuta wa magma ulipojipenyeza, ulibadilisha ubanaji wa miamba iliyozunguka hifadhi ya magma ya Lengai. Sisemi kwamba jambo hilo limethibitishwa hatua kwa hatua. Nasema kwamba ndani ya bonde letu mzigo unaweza kuhama kutoka ufa hadi volkano, na kwa hiyo ofisi inayofuatilia matetemeko na ofisi inayofuatilia volkano zinapaswa kusoma ripoti moja. Watu wa Goma wanalijua hili kwa uchungu: Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, lava ilisimama, lakini matetemeko yakaendelea chini ya mji, magma ikiwa inasogea kuelekea Ziwa Kivu, na sehemu ya wakazi wakaamriwa kuhama.

Na kuna Karonga, kaskazini mwa Malawi, ng'ambo kidogo tu ya Kyela. Tarehe 6 Desemba 2009 tetemeko la 5.8 lilipiga. Tarehe 8 likaja la 5.9. Mengine yakafuata, na tarehe 19, watu wakiwa wamechoka kulala nje, likaja la 6.0, kubwa kuliko yote. Rada ilionyesha kwamba ufa uliopasuka ulikuwa wa kina kifupi, na haukuwa ule mkuu wa Livingstone unaoonekana kwa macho upande wa pili wa Ziwa Nyasa.

Kanuni ya zamani ya matetemeko yanayofuata ilitolewa na Fusakichi Omori wa Japani mwaka 1894: idadi yake kwa siku hupungua kadiri muda unavyopita, hata siku ya kumi iwe na kama sehemu ya kumi ya yale ya siku ya kwanza. Kanuni hiyo imedumu kwa sababu ni kweli mahali pengi. Lakini inahusu idadi tu. Haisemi kwamba yanayofuata yatakuwa madogo. Karonga ilikwenda kinyume cha matarajio ya wengi huenda kwa sababu kila mpasuko uliuongezea mzigo mpasuko wa jirani. Kiongozi wa kijiji anayewaambia watu warudi ndani kwa kuwa kubwa limeshapita anatoa ahadi ambayo mwamba haukuitia saini. Ushauri sahihi ni kwamba hatari inapungua siku hadi siku, nyumba yenye nyufa isilaliwe hadi ikaguliwe, na atakayeamua kurudi ajue mlango wa kutokea uko wapi.

Tusichokiona

Ramani za Coulomb zina udhaifu mmoja ambao lazima niutaje, maana ndio unaotutenganisha na watabiri. Zinatuambia mkazo umebadilika kiasi gani. Hazituambii ulikuwa kiasi gani. Nyongeza ile ile kwenye ufa uliopasuka mwaka jana na kwenye ufa uliolala miaka elfu moja haina maana ile ile.

Wako waliojaribu kuushika mkazo wenyewe. Mwaka 2012, baada ya tetemeko kubwa la Japani la Machi 2011, meli iitwayo Chikyu ilitoboa sakafu ya bahari chini ya maji ya kina cha kama kilomita 7, ikaufikia ufa wenyewe na kuacha vipimajoto ndani yake. Ufa unaposuguana hutoa joto. Joto lililobaki lilizidi la mazingira kwa kama nyuzi 0.3 tu. Kutokana na hapo ilikokotolewa kwamba msuguano wakati wa kuteleza ulikuwa mdogo ajabu, kama sehemu ya kumi na mbili ya nguvu ya ubanaji. Hivyo ufa ule ulikuwa mlegevu kuliko wengi walivyodhani, na karibu mkazo wake wote ulitoka mara moja.

Na wako waliotegemea saa ya ufa. Kijiji cha Parkfield, California, kilipata matetemeko ya karibu 6 mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966, wastani wa kila miaka 22. Wataalamu wakasema lifuatalo litakuja kabla ya mwaka 1993 kwisha. Wakajaza vyombo. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004. Utabiri ulishindwa, lakini vyombo vilikuwapo, na tetemeko lile likawa mojawapo ya yaliyorekodiwa kwa ukaribu zaidi duniani. Somo la Parkfield kwangu ni hilo la pili: tarehe huwezi kuichagua, lakini unaweza kuchagua kuwapo.

Kinachotupasa

Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la 7.4, kubwa kuliko yote yaliyopimwa katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki karne iliyopita. Tuseme tetemeko la namna hiyo huteleza mita 2 hadi 3, na bonde linapanuka pale milimita 2 hadi 3 kwa mwaka. Hesabu inatoa kama miaka elfu moja ya kukusanya mzigo. Hii ina maana kwamba kumbukumbu za wazee, hata zikiwa za vizazi vitano, haziwezi kutuonya juu ya ufa kama huo. Na ina maana pia kwamba nyufa nyingine kadhaa katika bonde hili zinaweza kuwa zimebeba mzigo wa miaka mia tisa, na hatuyajui hata majina yake.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalongojea uvumbuzi mpya.

La kwanza, vituo vya kudumu. Tumepata faida kubwa kutokana na kampeni za muda, kama ile ya sismomita zilizotandazwa Tanzania mwaka 1994 na 1995, na tuna kituo kama cha Kilima Mbogo nchini Kenya kilichomo kwenye mtandao wa sismomita wa dunia. Lakini nimeshaeleza kwa nini chombo cha mbali kinadanganya kuhusu mshuko wa mkazo, na kwa nini tunahitaji rekodi za matetemeko madogo ya kabla. Kampeni ya miezi sita inayofika baada ya maafa haiwezi kuirudisha rekodi ya jana. Na kando ya kila sismomita iwepo GPS ya kudumu, maana Gelai imetuonyesha kwamba ardhi husogea bila kusema.

La pili, data ivuke mipaka. Ufa wa Ziwa Tanganyika uko katika nchi nne, na mkazo haupiti forodhani. Tetemeko likitokea upande wa Kongo, hesabu ya mzigo ulioongezeka upande wa Kigoma inapaswa kuanza siku hiyo hiyo, kwa kutumia data za pande zote.

La tatu, na hili nawaelekezea wanafunzi: ramani za nyufa zichorwe kwa miguu. Hesabu ya Coulomb inahitaji kujua ufa unaopokea mzigo umelala kwa mwelekeo gani na kwa mteremko gani. Mwelekeo ukikosewa, ramani ya kompyuta itapaka rangi ya usalama mahali pa hatari. Karonga ulipasuka ufa ambao macho ya wengi hayakuwa juu yake. Kuchimba mtaro unaokata ufa, kupima umri wa tabaka zilizokatika, kuandika kwamba ufa huu ulivunjika mara mbili tangu tabaka hili lilipotuama: hiyo si kazi ya mashine za bei kubwa. Ni ya jembe, futi kamba, maabara na subira. Mkiimaliza kwa ufa mmoja tu, mhandisi wa halmashauri atapata kitu ambacho hajawahi kuwa nacho: sababu ya kumkatalia mtu kibali cha kujenga shule juu ya ufa, na ushahidi wa kumwonyesha.